Kazi Yangu Ilikuwa Kulala Bila Kutikisika

Siku ya kwanza kazini niliripoti asubuhi, kwenye asembli ya shule yetu pale Kawempe, Kampala, nikiwa nimesimama mstari wa nyuma kabisa namwigiza mwalimu mkuu. Yeye mbele alikuwa anahutubia juu ya nidhamu. Mimi nyuma nilikuwa nahutubia juu ya nidhamu hiyohiyo, nimetoa tumbo kama lake, nimefunga mikono mgongoni, na nakohoa kila anapokohoa. Wenzangu walikuwa wamejiziba midomo wasipasuke. Halafu nikasikia harufu ya mpira unaoungua, mpira ambao haukuwepo, mkono wangu wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe, nikaanguka.

Waliendelea kucheka. Siwalaumu. Nilikuwa nimejenga jina kwa miaka mitatu kama mtu asiye na jambo la kweli hata moja, kwa hiyo nilipoanza kutetemeka kwenye vumbi, darasa letu zima la Senior Three lilidhani hiyo ni sehemu ya pili ya mchezo. Rafiki yangu Opio aliniambia baadaye kwamba kicheko kilikatika pale suruali ilipolowa. Hapo ndipo wakakimbia. Mwalimu wa zamu akapaza sauti kutoka mbali: "Msimguse, povu hilo linaambukiza." Si kweli, lakini mwalimu wa zamu huwa habishiwi. Opio peke yake alirudi, akanigeuza nilalie ubavu, akakaa kando yangu mpaka nikazinduka. Kisha akaenda kunawa mikono mara nne. Aliniambia mwenyewe, bila aibu.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hakukuwa na usaili wala barua. Nyinyi wa Senior One mtakaosoma haya mnajua wazee wakistaafu huandika jinsi walivyofanya kazi reli au posta. Mimi nina miaka kumi na saba na nimestaafu kazi ya ugonjwa. Nilikuwa mgonjwa wa kifafa kwa zaidi ya miaka miwili, na kazi yenyewe, ukiitoa maneno makubwa, ni kulala chali bila kutikisika wakati watu wenye digrii wanatafuta ni kitu gani kimekaa kichwani mwako.

Kabla sijapanda cheo, jambo moja mlijue, kwa sababu yote yaliyofuata yalining'inia hapo. Nilikuwa nakula nguruwe. Baba yangu ni sajini wa polisi, mtu wa West Nile, Mwislamu asiyekosa swala hata akiwa zamu ya rodibloku, kizuizi cha barabarani. Mama ni Mwacholi, Jumapili yuko kanisani, na mle katika kambi ya polisi tunamoishi hakuna anayeshangaa, nyumba nyingi ziko hivyo. Lakini nyumba yetu ilikuwa na sheria moja: nguruwe haingii. Na mimi kila Jumamosi baada ya mpira nilikuwa Kalerwe na Opio, nyuma ya soko, kwenye benchi ambalo mtu wa barabarani halioni, tunagawana nyama choma na sahani ya kachumbari ya kabichi mbichi. Baba akijua, sikufikiri angenipiga. Nilifikiri angenitazama tu, halafu asiniite mwanangu tena.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya kambi. Mganga wa pale alitibu kila kitu kama malaria, nami akanitibu malaria. Wiki mbili baadaye nikaanguka tena, jikoni, karibu na sigiri. Mara ya tatu niliangukia mtaroni. Mama alianza kunitengea sahani yangu peke yangu, kisha akaacha, akalia, akazichanganya tena. Dada yangu mdogo akapewa kazi ya kunifuata chooni na kusimama mlangoni. Ukiwa na miaka kumi na tano na mtoto wa miaka tisa anakuuliza kila dakika, "Bado uko hai?", unakubali uhamisho wowote.

Uhamisho ukaja: kliniki ya kifafa katika hospitali kubwa ya mjini. Bosi wangu mpya alikuwa Daktari wa Neva, yaani daktari wa ubongo na mishipa yake ya fahamu. Alikuwa mama mfupi wa Kiganda, miwani inaning'inia kifuani, na utani haukumgusa popote. Nilijaribu mara tatu. Alinipa vidonge vya kutuliza mshtuko, vikapunguza kuanguka lakini havikukumaliza, akanipeleka kwenye chumba cha waya.

Chumba cha waya kina mashine inayosikiliza umeme wa ubongo. Wanakubandika waya kichwa kizima kwa uji mzito mweupe, na kompyuta inachora milima. Unatakiwa uje nywele zimeoshwa, zikiwa kavu. Mama, kwa mapenzi yake, asubuhi ile alinipaka mafuta ya maombi kutoka kwa mchungaji, nusu chupa. Kila waya uliobandikwa uliteleza ukaanguka shingoni.

"Nani amemkaanga mtoto huyu?" Sista wa chumba hicho aliuliza.

"Ni mafuta ya upako," Mama akasema.

"Nnyabo, upako siuzuii. Lakini upako huo uje baada yangu."

Nikaoshwa kichwa kwenye sinki kwa sabuni ya kufulia. Milima ilipotoka, ilikuwa mikali upande wa kushoto, mbele, karibu na sehemu inayoongoza mkono wa kulia. Daktari wa Neva alieleza hivi: "Mashine hii inaniambia moto unawaka mtaa gani. Haiwezi kuniambia nani aliuwasha." Kwa hiyo nikapandishwa cheo, nikaenda kwenye picha.

Picha ya kwanza ilikuwa ya eksirei inayozunguka kichwa na kukikata vipandevipande kama mkate, ila mkate unabaki mzima. Walinidunga dawa ya rangi mkononi, mwili ukapata joto mpaka nikadhani nimejikojolea tena. Wakasema hapana, kila mtu hudhani hivyo. Siku ya majibu nilikwenda na Baba, amevaa sare. Daktari aliongea Kiingereza na Kiswahili vikichanganyika, Baba akajibu kwa Kiswahili chake cha kambi.

Picha iliwekwa kwenye taa ya ukutani. Upande wa kushoto palikuwa na pete nyeupe, ndogo kama kifungo cha shati, na kivuli cha uvimbe kimeizunguka.

"Hii ndiyo inayomwangusha," Daktari wa Neva alisema. "Pete kama hii huwa kitu kimoja kati ya vitatu. Kidonda cha TB. Au uvimbe unaoota. Au mtoto wa tegu, yule mnyoo mrefu bapa wa nguruwe, amepotea njia akaingia ubongoni." Alichukua kalamu na fomu. "Nyumbani mnakula nguruwe?"

Baba alisimama kabisa kutoka kwenye kiti. "Daktari, sisi Waislamu. Kijana yangu hapana kula hiyo kitu."

"Na wewe unasemaje?" aliniuliza mimi.

Baba hakunigeukia. Hakuona haja. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, kwamba hakuona haja.

"Kama alivyosema Afande," nikajibu.

Nilisikia kalamu ikipita juu ya neno. Sauti ndogo sana. Kati ya vitatu vikabaki viwili. Wiki iliyofuata kifua changu kilipimwa kikawa safi, makohozi safi, na hakuna mtu wa karibu aliyewahi kuugua TB. Kikabaki kimoja.

Nikakabidhiwa kwa bosi wa tatu, Daktari wa Upasuaji. Huyu alikuwa mrefu, kucha zake safi kama za bibi harusi, na alikuwa mpole. Upole wake ulinitisha kuliko ukali wa mwenzake. Alichora duara kwa kalamu ya wino juu ya jalada la faili langu.

"Tunafungua hapa, kama kifuniko," alisema. "Tunatoa kile kitu, tunarudisha kifuniko."

"Na nyuma ya hapo, yeye atakuwa sawa?" Baba akauliza.

"Sitakuficha, Afande. Mahali penyewe ni jirani na panapoongoza mkono wa kulia. Jirani wa upande wa pili ndipo maneno yanapotengenezwa. Anaweza kuamka mzima. Anaweza kuamka mkono mzito, au maneno yanachelewa kutoka."

"Yanachelewa kiasi gani?" nikauliza mimi.

"Hatuwezi kujua mpaka uamke."

Wenzangu wana hesabu, wengine wana mpira. Mimi nilichonacho ni mdomo. Nilirudi kambini nikajaribu kukaa kimya saa nzima nione maisha ya mtu wa namna hiyo yakoje. Hata robo saa haikuisha, dada yangu akamwita Mama: "Njoo umwone, anakufa, haongei."

Opio nilimweleza yote, tumekaa juu ya ukuta wa shule.

"Sasa kile kitu cha tatu daktari alikifuta kwa sababu yako?" aliuliza.

"Kwa sababu ya Baba."

"Kwa sababu yako, bwana. Mdomo ulikuwa wako. Kwa hiyo utakatwa kichwa ili mzee asijue ulikula nyama?"

"Sikatwi. Nafunguliwa."

"Kopo likifunguliwa umewahi kuona linafungwa?"

Niliapa kumwambia daktari. Lakini kila nilipokwenda hospitali Baba alikuwa begani kwangu, anabeba faili, anajibu maswali yangu yote kabla sijapumua. Tarehe ikaandikwa: Jumatatu.

Kabla ya kufungua, Daktari wa Upasuaji alitaka ramani ya ndani, na ramani hiyo inatengenezwa na mashine ya sumaku. Haitumii eksirei. Ni bomba lenye sumaku ya nguvu ajabu. Inayumbisha chembe za maji zilizomo mwilini mwako, inasikiliza zikirudi mahali pake, na kutokana na hapo kompyuta inachora ubongo mpaka mikunjo yake. Niliitwa Alhamisi mchana.

Bosi wa chumba hicho alikuwa Fundi Picha, Mkenya aliyekuja Kampala kwa kazi akabaki, Kiswahili chake kimenyooka kiasi kwamba Baba alimjibu akiwa ameunganisha visigino. Alimvua Baba mkanda, beji, funguo, filimbi na pingu, akavipanga kwenye sinia.

"Afande, humu mwenye cheo ni sumaku tu," alisema. "Hata mimi naipigia saluti."

Baba alicheka kidogo. Akaruhusiwa kukaa chumba cha Fundi, kwenye kiti kando ya dirisha la kioo, akaweka kofia yake ya swala juu ya meza. Mimi nikalazwa, uso ukafungiwa ndani ya kizimba cha plastiki, mkononi nikapewa mpira mdogo wa kubinya nikizidiwa.

"Kazi yako ni moja," Fundi aliniambia. "Usitikisike. Ukitikisika hata kidogo, napata picha ya uji."

Mle ndani kelele ni kama mtu anapigilia mabati, halafu anabadilisha nyundo. Kwa kawaida nilikuwa bingwa wa kazi hiyo, lakini siku ile mwili uligoma. Haikuwa kifafa, kifafa ningekijua kwa harufu. Taya lilikuwa linagonga lenyewe. Kila nilipofumba macho niliona lile duara la wino juu ya faili.

Mashine ikanyamaza. Sauti ya Fundi ikaja kwenye spika: "Kijana, nina uji. Tunarudia."

Tukarudia. Ikanyamaza tena.

"Uji wa pili. Unaumwa?"

"Hapana."

"Unaogopa kubanwa?"

"Hapana, ssebo."

"Basi sema kitu kingine, kwa sababu ramani hii ndiyo daktari atakayoifuata Jumatatu. Mimi simpi mtu ramani ya uji akate nayo."

Nilitazama ile plastiki juu ya pua yangu. "Baba yuko hapo?"

"Ametoka. Amekwenda kutawadha, adhuhuri imeingia."

Nilikuwa na muda wa udhu na rakaa nne, si zaidi. Nikasema, "Nakula nguruwe."

Kwenye spika nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Rudia," Fundi akasema.

"Nakula nguruwe. Kila Jumamosi, Kalerwe. Tangu Senior One."

"Kwenye fomu yako imeandikwa huli."

"Najua. Nilikuwepo ikiandikwa."

Nilimsikia akivuta kiti. "Sikiliza. Mimi ni fundi, si daktari. Lakini hilo linabadilisha picha ninayotakiwa kupiga. Nitampigia daktari simu, na nitaliandika. Na faili anayelibeba ni baba yako."

"Huwezi kupiga simu tu, usiandike?"

"Hapana. Kesho kutwa mtu mwingine atasoma hiyo karatasi, aamini ile ya kwanza."

Katika miaka miwili ya kazi yangu, hapo tu ndipo nilipofanya kazi. Siku nyingine zote nililala. Upande mmoja palikuwa na mdomo wangu na mkono wangu. Upande mwingine palikuwa na mtu aliyesimama kutoka kwenye kiti kunitetea.

"Andika," nikasema.

Alimpigia Daktari wa Neva. Alisahau kuzima spika, nikasikia upande wake: "Ndiyo, daktari. Amesema mwenyewe, nguruwe, kila wiki. Sawa, vyembamba." Kisha akanieleza kama mtu anayeelezana na fundi mwenzake. Ramani ya upasuaji ilikuwa imeombwa kwa vipande vinene, maana mpasuaji anatafuta mitaa, hatafuti mtu. Mtoto wa tegu ana kichwa kidogo kama punje ya ulezi, kimejificha ndani ya kifuko cha maji. Kipande kinene kinaweza kumruka, ukaona kifuko ukamkosa mwenyewe. Sasa angepiga vipande vyembamba kabisa, kimoja baada ya kimoja, na vingechukua muda mrefu.

"Mpaka nikwambie," alisema, "hata mate usimeze bila sababu."

Sikutikisika. Taya lilinyamaza, sijui kwa nini. Nilihesabu nyundo, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Aliponitoa, Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha Fundi, peku, kofia mkononi. Nilitazama miguu yake. Maji ya udhu yalikuwa yameikaukia palepale aliposimama. Hakuwa ameswali. Alikuwa amerudi kuchukua kofia aliyoisahau mezani, na kutoka meza ile mpaka kwenye spika hakuna hata hatua moja.

Alinipita, akaenda kuswali. Nikakaa kwenye benchi namsubiri, sinia la pingu na filimbi liko mapajani mwangu.

Ijumaa hakunisemesha. Jumamosi hakunisemesha, wala sikwenda popote. Alikuwa anakula akitazama sahani, anaacha nusu. Mama alipouliza kuna nini alisema, "Kazi." Ningependelea viboko. Kiboko kina mwisho.

Jumatatu asubuhi Mama alibaki na dada, Baba akanipeleka wodini. Majibu ya picha hayakuwa yamefika. Sista alianza kuninyoa, upande wa kushoto kwanza, ameshafika katikati ya utosi, mimi nikitamka maneno magumu kimoyomoyo ili niyatumie kabla hayajaanza kuchelewa. Daktari wa Neva aliingia na kompyuta chini ya kwapa, miwani safari hii iko machoni.

"Simamisha wembe," alimwambia Sista.

Aliifungua kompyuta juu ya kitanda. Daktari wa Upasuaji akaja nyuma yake. Kwenye picha ile pete ilikuwa imegeuka kipovu cheusi cha mviringo, na ndani yake, pembeni, palikuwa na kitone cheupe.

"Hicho ni kichwa chake," Daktari wa Neva alisema. "TB haina kichwa. Uvimbe hauna kichwa. Huyu ni mtoto wa tegu, na dawa yake ni vidonge."

Daktari wa Upasuaji aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Basi mimi sina kazi hapa," akasema, akafunga kalamu yake. Sijawahi kumpenda bosi kama nilivyompenda huyo alipokuwa anatoka.

Nilimtazama Baba nikitegemea ataanza sasa. Lakini Daktari wa Neva alikuwa hajamaliza. Alivua miwani.

"Afande, kuna kosa, na ni langu. Lile swali la nguruwe nililitumia kufuta jibu, na halifai kufuta jibu. Ukila nguruwe asiyeiva unapata tegu mkubwa, anakaa tumboni. Huyu wa kichwani hatoki kwenye nyama. Anatoka kwenye mayai ya yule wa tumboni, na mayai hayo yanatoka chooni, kwa binadamu. Mikono isiyonawa. Mboga mbichi. Hata mtu ambaye hajawahi kugusa nguruwe anampata."

"Binadamu nani?" Baba akauliza. Ukiacha lile "Kazi", yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Alhamisi.

"Mara nyingi mtu wa nyumbani, anayegusa chakula, wala hajui kama anaye. Mtaleta choo cha kila mmoja kwenye kikopo."

Baba alishika chuma cha kitanda. Mimi nilidhani ni hasira.

Tulirudi kambini nikiwa na nusu ya nywele, watoto wa askari wakanisindikiza mpaka mlangoni. Vikopo vilikuwa vinne. Mama aliambiwa ni vipimo vya minyoo, akaleta chake na cha dada siku ileile. Mimi changu siku ya pili. Cha Baba kilikaa kitupu kabatini, nyuma ya kiwi ya viatu, zaidi ya wiki. Zamu, alisema. Mara gwaride. Daktari wa Neva alipiga simu, akapiga tena. Hatimaye Baba akakipeleka, na siku ya majibu akaniambia tufuatane.

Tulikaa kwenye benchi nje ya maabara. Alikuwa amevaa nguo za kiraia, jambo lisilo la kawaida.

"Mimi pia," alisema.

"Wewe pia nini, Baba?"

"Nilikula." Alikuwa anaongea na sakafu. "Kule detachi, ile kambi ndogo ya Teso. Chakula ya kikosi ilikawia. Vijana walichoma moja, mimi nikakula."

Nikauliza lililokuja mdomoni: "Mara moja?"

"Mara ya kwanza ilikuwa njaa." Alipangusa goti la suruali yake. "Ile ingine haikuwa njaa."

Ningekuwa mahali pengine ningecheka mpaka nianguke, na kuanguka kwangu mnakujua. Lakini nilimwona uso. Hakuwa amenikasirikia hata siku moja ya zile siku. Kila Jumapili asubuhi akiwa nyumbani, Baba ndiye hutukatia nyanya na vitunguu, kwa sababu kisu cha Mama hakimridhishi.

"Kama iko mimi niliweka hiyo kitu kwa kichwa yako," alisema, "mimi nitasema nini kwa mama yako?"

Dirisha la maabara likafunguka, jina letu likaitwa. Baba hakusimama. Nikaenda mimi. Mtu wa maabara alinipa karatasi nne, nikazisoma palepale, moja moja, nikairudia ya Baba mara mbili.

"Safi," nilimwambia. "Sote wanne."

"Soma tena yangu."

Nikasoma tena. Alinyoosha mkono, akanishika kisogo, upande ulionyolewa, akauacha hapo. Daktari wa Neva alisema huenda ilikuwa kachumbari ya soko, huenda ni maji, huenda aliyekuwa na tegu alishatibiwa zamani akasahau. Hatutajua. Kwa hiyo tulikuwa wanaume wawili tuliokiri kila kitu, na hakuna aliyetakiwa kukiri.

Dawa ilikuwa ya namna mbili: ya kumuua, na ya kuzuia ubongo usivimbe wakati anakufa, kwa sababu mdudu huyo akifa hufanya fujo kuliko akiwa hai. Niliimezea wodini wiki ya kwanza. Nilianguka mara moja zaidi. Baada ya hapo sikuanguka tena, na sasa mwaka umepita. Picha ya mwisho inaonyesha kidoa kidogo kigumu kama chaki, kaburi lake. Kidoa hicho kitabaki, na kinaweza siku moja kuwasha moto tena, kwa hiyo vidonge vya mshtuko bado nameza na vitapunguzwa polepole. Mnaweza kusema nimestaafu kwa mkataba. Kuna asubuhi nasikia mtu anachoma taka nje, harufu ya plastiki inaingia, na nasimama katikati ya chumba nimeshika mlango, nasubiri. Mpaka sasa imekuwa taka tu.

Mwigizaji wa mwalimu mkuu nimerudi kazini. Mwalimu wa zamu bado anasimama mbali nami. Namsogelea kila nikipata nafasi.

Siku ya kuagwa, yaani kliniki ya mwisho ya mwaka, Mama alikuja. Daktari wa Neva alisoma picha, akafunga faili, akatoa wosia wake kwa sote: mboga zioshwe, watu wanawe mikono. "Na nguruwe," alisema, "kwa vile mnakula, aive mpaka ndani."

"Nani anakula?" Mama akauliza.

Baba alianza kusoma bango la ukutani juu ya kunyonyesha. Mimi nikasoma la jirani yake.

Mama alitutazama, mmoja, halafu wa pili. "Miaka kumi na minane," alisema taratibu. "Miaka kumi na minane sijaonja, kwa heshima ya nyumba hii. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa napewa mbavu." Kisha akamgeukia daktari. "Akiiva mpaka ndani hana neno?"

"Hana neno, nnyabo."

Mama alifunga mkoba wake. Tulipofika getini, Baba ndiye aliyebeba mkoba.

Siku hizi nyumbani kwetu kila mtu ananawa mikono mbele ya macho ya mwenzake, kwa sabuni, mpaka viwiko. Jumamosi iliyopita Mama alichelewa kurudi kutoka soko la Kalerwe. Baba aliangalia saa, akaniangalia mimi, akaanza kukata nyanya.